Ekari 12 za manispaa: nyumba zitakuwa za nani?

*"Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo katika mtaa mmoja wa Temeke, Dar es Salaam. Jirani yetu kuna ekari 12 za manispaa, zamani ilikuwa yadi ya magari mabovu. Tumeambiwa zitajengwa ghorofa za watu wa kipato cha chini, kila nyumba vyumba viwili, bei kama milioni 40, na anayetaka atakopa benki. Wakazi wetu wengi ni wapangaji: mama lishe, mafundi, bodaboda, wabeba mizigo. Familia inayojitahidi inaingiza kama laki nne kwa mwezi. Chumba ni elfu 50, na kodi inadaiwa miezi sita kwa mkupuo. Kwenye kikao mawazo yaligawanyika: wengine wanataka ghorofa zijengwe haraka, wengine wanataka serikali ishushe kodi za vyumba kwa sheria, wengine wanasema tugawiwe viwanja nje ya mji. Je, jiji linaweza kweli kumpatia mtu wa kipato chetu mahali pa kuishi, au tunapoteza muda? Na tudai nini?"*

Ndugu msomaji, hampotezi muda. Ninachokisoma kwenye swali lako ni hofu kwamba mradi utaitwa wa watu wa kipato cha chini tangu siku ya jiwe la msingi mpaka siku ya kukata utepe, halafu siku ya kukabidhi funguo mama lishe wa mtaa wenu asiwepo hata mmoja kwenye orodha. Hofu hiyo ina msingi. Njia ya kuizuia ni kupiga hesabu sasa hivi, kabla ya mchoro kupitishwa, kwa sababu mchoro ukishapita bei imeshaamuliwa.

Tuanze na hiyo milioni 40. Mtu akikopa kiasi hicho chote kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kiwango ambacho si kigeni kwa mikopo ya nyumba hapa kwetu, na akapewa miaka 20 ya kulipa, rejesho lake ni kama shilingi 527,000 kila mwezi. Familia yenye laki nne ingetoa kipato chote na bado ikadaiwa. Sasa shusha riba mpaka asilimia 5 na ongeza muda uwe miaka 25: rejesho linakuwa kama 234,000. Ondoa riba kabisa, gawanya kwa miaka 30: ni 111,000. Jengo ni lile lile, matofali yale yale, na rejesho limeshuka karibu mara tano. Kwa hiyo mtu akikuambia ghorofa ni ghali kwa sababu ya saruji na nondo, mjibu kwamba kinachoamua zaidi nani ataingia ni gharama ya fedha iliyojengea. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza mkurugenzi: fedha zinatoka wapi, kwa riba gani, kwa miaka mingapi?

Kuna kanuni inayotajwa sana kwamba makazi yasizidi asilimia 30 ya kipato. Mimi huona ni kubwa mno kwa familia ya laki nne, kwa kuwa chakula pekee humeza zaidi ya nusu, na nauli, maji na ada za shule husubiri zamu. Asilimia 20, yaani elfu 80, ni kipimo cha kweli zaidi. Tena kipato chenyewe hakiji tarehe 30 kwenye akaunti. Kinakuja elfu tano leo, kesho hakuna, keshokutwa elfu 18. Benki inataka hati ya mshahara na dhamana, na asiyekuwa navyo huishia kwenye mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake ya mwezi mmoja inaweza kupita ya benki ya mwaka mzima. Kauli ya "atakopa benki" kwa wakazi uliowataja haina watu ndani yake.

Majirani zetu wameshapitia haya. Nairobi, katika eneo la Soweto Mashariki huko Kibera, wakazi walihamishiwa kwa muda ghorofa za Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Baadhi ya waliopewa walizipangisha kwa watu wenye uwezo mkubwa zaidi, wao wakarudi kwenye vyumba vya mabati. Addis Ababa walijenga ghorofa kwa wingi kuliko mji wowote wa ukanda huu, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na kuzigawa kwa bahati nasibu. Mnunuzi alitakiwa kutanguliza sehemu ya bei, kwa mpango mmoja asilimia 20, kilichobaki kikawa mkopo. Washindi wengi wakapangisha, kwa sababu kodi iliwalipa zaidi au kwa sababu nyumba zilikuwa mbali na riziki zao. Watu husema hapo kwamba maskini hathamini nyumba nzuri. Hapana. Mtu ambaye mali yake pekee inaweza kumpa laki mbili kwa mwezi, naye akaishi kwa elfu 50, anafanya uamuzi ambao kila mzazi mwenye watoto wanaohitaji ada angeufikiria. Kosa liko kwenye kumpa mali ya kuuzika bila kugusa kipato chake, na kuiita hiyo sera ya makazi.

Bei ya makazi popote ina vipande vinne: ardhi, miundombinu, jengo, na fedha. Jengo ni kazi ambayo watu wa Dar es Salaam wanaifanya wenyewe kila siku bila mkandarasi wala benki. Zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa jiji wanaishi maeneo yasiyopangwa, na karibu kila nyumba humo ilijengwa chumba kwa chumba kwa fedha ya mfukoni. Ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya, hata awe na bidii ya namna gani, ni kutenga barabara, kuchimba mtaro unaopita viwanja vya watu mia, au kuleta bomba kuu la maji. Hapo ndipo shilingi ya manispaa inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo inapotumika kidogo zaidi.

Chukua ekari zenu 12. Ni kama mita za mraba 48,500. Tuseme asilimia 40 inakwenda kwa barabara, mitaro, uwanja wa watoto na huduma. Zinabaki 29,100 za makazi. Ukikata viwanja vya mita za mraba 400, unapata 72. Ukikata vya mita 8 kwa 18, yaani mita za mraba 144, nyumba zikagusana ukuta kwa ukuta, unapata kama 200. Kama barabara, mitaro, maji na umeme vinagharimu, kwa mfano, milioni 900, basi kila kiwanja kikubwa kinabeba milioni 12.5 kabla hujanunua tofali moja, na kila kidogo kinabeba milioni 4.5. Milioni 4.5 ikilipwa kwa miaka 10 bila riba ni chini ya elfu 38 kwa mwezi. Chumba chenu leo ni elfu 50. Kwa mara ya kwanza kwenye hesabu hii mama lishe ameingia.

Mtaambiwa kiwanja cha mita 144 ni kuzalisha mabanda mapya. Jibuni kwa upole kwamba msongamano wa watu na ukosefu wa mpangilio ni mambo mawili tofauti. Kinachofanya maeneo yasiyopangwa yawe hatari ni gari la zimamoto kutopita, maji ya mvua kukosa njia, na choo cha jirani kuwa mita tatu kutoka kisima. Njia za ndani zenye upana wa mita 6 zinatosha gari la zimamoto na la takataka. Vichochoro vya waenda kwa miguu vya mita 3 vinatosha kati ya safu na safu. Barabara ya mita 12 au 15 mbele ya kila nyumba ni anasa inayolipiwa na yule ambaye hana gari. Kanuni za mipango miji zina viwango vya chini vya ukubwa wa kiwanja, kwa hiyo muulizeni afisa mipango miji kiwango kinachotumika sasa, na kama ni kikubwa kuliko huu, muulizeni utaratibu wa kuomba mpango maalumu wa eneo. Nairobi walipitia mlango huo mwaka 2017, kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, ili makazi ya familia zaidi ya laki moja yapangwe kwa viwango vinavyolingana na hali halisi.

Kuna sharti moja ambalo lazima niliseme wazi. Kiwanja kidogo namna hiyo hakiwezi kubeba shimo lake la choo. Gari la kunyonya linakosa mahali pa kusimama, na masika yakifika watu watatapisha vyoo kwenye mtaro kama wanavyofanya sasa kwenye mabonde. Lazima uwepo mtandao wa pamoja wa majitaka. Hauhitaji kuwa wa gharama ya katikati ya mji: mabomba ya plastiki ya milimita 100 yakipita uani badala ya barabarani, yakilazwa kina kifupi kwa kuwa hakuna lori juu yake, mteremko wa kama sentimita 1 kwa kila mita, na chemba ndogo kila yanapokutana. Vingunguti wamejenga mfumo wa aina hii na kuuelekeza kwenye mabwawa ya majitaka yaliyopo kule. Kinachouharibu kinajulikana: mchanga wa kuoshea vyombo, nguo na mabaki ya jikoni vinaziba bomba. Kila nyumba iwe na kichujio cha taka ngumu kabla ya kuunganishwa, na pawepo watu wawili wa mtaa wanaolipwa kuzibua. Eneo lisilo na uhakika wa majitaka lisikatwe viwanja vya mita 144. Hilo msilegeze.

Wazo la kutanguliza viwanja na huduma, watu wakajijengea, si jipya hapa. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, kisha watu wakapewa viwanja. Wakati huo huo Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, iliboreshwa kwa kupitisha barabara na maji katikati ya nyumba zilizopo. Watafiti waliorudi miongo mingi baadaye kulinganisha maeneo ya aina hizi mbili walikuta yale yaliyopimwa kabla ya watu kuingia yana nyumba bora, barabara zinazopitika na huduma zaidi. Nenda Sinza leo utaona mistari ile bado iko wima. Lakini tazama pia nani anaishi Sinza. Thamani ilipanda, wengi waliogawiwa wakauza, na eneo likawa la watu wa kipato cha kati. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulifika huko huko kwa haraka zaidi: viwanja vilikuwa vikubwa, bei ilitakiwa kulipwa kwa muda mfupi kwa sababu mauzo ndiyo yaliyorudisha mkopo wa Hazina, na maeneo yalikuwa pembezoni. Wenye mishahara na wafanyabiashara walinunua, viwanja vingi vikakaa pori kwa miaka, na wapangaji wa uswahilini walibaki uswahilini.

Kutokana na hayo, wazo la kugawiwa viwanja nje ya mji nalipima kwa nauli. Tuseme kila daladala ni 600, na kutoka huko mbali unahitaji mbili kwenda na mbili kurudi. Ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Umehama ili kukwepa kodi ya elfu 50 na sasa unalipa elfu 62 kwa konda, mbali na saa nne za barabarani. Mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri haifiki biashara yake. Viwanja vya pembezoni vina maana kwa mtu ambaye kazi yake iko huko huko, au pale usafiri wa uhakika unapotangulia makazi. Ekari 12 za ndani ya Temeke, karibu na bandari, masoko na viwanda, ni dhahabu kwa mtu wa kipato cha chini kuliko ekari 100 za pembezoni. Msikubali kubadilishana.

Sasa hili la kujenga kidogo kidogo. Wataalamu wengi wa majengo hulidharau, nami naona wanakosea. Pale Iquique, Chile, mwaka 2004, familia 93 zilijengewa nusu nyumba: fedha ya ruzuku isiyotosha nyumba nzima iliwekwa kwenye sehemu ngumu, yaani msingi, jiko, choo, ngazi na kuta kubwa, na nafasi wazi ikaachwa ya kila familia kujaziliza. Kwetu hiyo inaweza kuwa msingi wa vyumba vitatu, chumba kimoja kilichopauliwa, choo kilichounganishwa, na mkanda wa zege uliokamilika. Mambo mawili huharibu kazi hii. Kwanza, msingi unamwagwa wa chumba kimoja tu ili kuokoa fedha, kisha miaka mitatu baadaye chumba cha pili kinajengwa juu ya msingi wake tofauti, unazama kwa kasi yake, na ufa unafunguka pale kuta zinapokutana. Msingi wote umwagwe siku moja, na nondo za nguzo ziachwe zimejitokeza na kufunikwa zisipate kutu. Pili, choo kinawekwa mahali ambapo chumba kipya kitakiziba dirisha. Kikae ukuta wa nyuma, upande wa bomba la pamoja.

Na tofali. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 chenye kuta za mita 2.7 kinahitaji kama tofali 310 za inchi sita ukishatoa mlango na dirisha. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali 25 hadi 30 zenye nguvu. Wauzaji wengi wa barabarani wanatoa 45 au 50 kwa mfuko, ndiyo maana ukiikwangua kwa msumari inamwagika kama unga. Tofauti kwa chumba kizima ni kama mifuko minne au mitano tu. Kikundi kikifyatua chenyewe, kikamwagilia tofali kwa siku saba chini ya turubai au magunia, kinaokoa zaidi ya hiyo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi hufundisha ufyatuaji wa tofali za udongo-saruji za kufungamana, ambazo hupunguza sana mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali. Ombeni wawafundishe vijana wa mtaa kabla ya ujenzi kuanza.

Nije kwa waliotaka kodi ishushwe kwa sheria. Tuliwahi kuwa nayo: Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyofutwa mwaka 2005. Ugumu wa kugandisha bei ni huu: vyumba vya mtaa wenu karibu vyote ni vya watu binafsi wadogo, mjane mwenye nyumba ya korido yenye vyumba sita, fundi mstaafu mwenye vyumba vinne vya uani. Kodi ikigandishwa huku bati na saruji vikipanda, wanaacha kukarabati, hawaongezi chumba, au wanabadilisha kuwa fremu za maduka. Vyumba vinapungua, na anayekipata ni yule anayetoa kitu cha pembeni. Lakini usichanganye bei na masharti ya malipo. Kinachoumiza familia ya laki nne zaidi ya elfu 50 yenyewe ni laki tatu za mkupuo, jumlisha mwezi mmoja wa dalali, laki tatu na nusu. Fedha hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye kausha damu. Kanuni inayosema kodi ilipwe kwa mwezi au isizidi miezi mitatu, notisi iwe ya maandishi, na ongezeko litangazwe mapema haimnyang'anyi mwenye nyumba shilingi yake. Inamwondolea tu mkopo usio na riba anaoupata kwa mpangaji. Mwenye nyumba naye ana hofu ya haki, kwamba mtu atakaa miezi minne bila kulipa na kesi itachukua mwaka. Ndiyo maana kanuni hiyo haitasimama bila mfuko wa dhamana wa kikoba au SACCOS unaomlipa mwenye nyumba mwezi mpangaji anapokwama, kisha unamdai mwanachama wake. Hili mnaweza kulianza mtaani bila kusubiri Bunge.

Tena mwenye nyumba mdogo ndiye mjenzi mkubwa wa nyumba za bei nafuu katika jiji hili, na hakuna mradi unaomtaja. Mkopo wa milioni tatu wa kuongeza chumba na choo, kibali kinachotolewa kwa wiki mbili badala ya miezi, na mchoro wa bure kutoka manispaa kwa sharti la kodi ya mwezi kwa mwezi ungeleta vyumba vingi kuliko jengo la ghorofa tano, na kwa haraka zaidi.

Je, ghorofa zisijengwe kabisa? Zinaweza, kwa masharti. Ziwe za kupangisha, zisiuzwe. Vienna, mji ambao kila mtu huutaja katika mjadala huu, ulianza mwaka 1923 kwa ushuru maalumu wa nyumba uliowabana zaidi wenye nyumba za kifahari. Leo mji unamiliki nyumba kama 220,000 na bado unazipangisha. Nyumba iliyouzwa huhudumia familia moja, halafu soko linaichukua. Iliyobaki mikononi mwa umma, mkopo wake ukiisha, hubaki na gharama ya matunzo tu. Matunzo hayo lazima yawe kwenye hesabu tangu mwanzo: pampu ya maji, taa za ngazi, matangi, rangi, kuzibua. Msikubali jengo la kuhitaji lifti. Ghorofa nne, tano ukihesabu ya chini, ndio mwisho wa kupanda kwa miguu na ndio mwisho wa gharama inayovumilika. Ghorofa ya chini iachwe kwa fremu na majiko ya biashara, maana mama lishe aliyehamishiwa ghorofa ya tatu bila mahali pa kupikia amepewa kitanda na kunyang'anywa kazi.

Fedha zitatoka wapi? Kenya imechagua makato: sheria ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Inakusanya fedha nyingi, ingawa ni mzigo kwa wenye mishahara. Njia ninayoipenda kwa miji yetu ni kurudisha sehemu ya thamani ambayo umma wenyewe umeizalisha. Barabara ya lami au njia ya mwendokasi ikipita, kiwanja cha jirani kinapanda bei bila mwenyewe kuweka tofali. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU kwa kiwango sawa kwa nyumba zote za kawaida. Ni rahisi kukusanya, lakini haimtofautishi mwenye nyumba iliyokaa kando ya lami mpya na mwenye nyumba ya bondeni. Kwa ekari zenu kuna chanzo cha karibu zaidi: upande unaotazama barabara kuu ukodishwe kwa biashara kwa bei ya soko, na kodi hiyo iandikwe kwenye azimio la baraza la madiwani kuwa ruzuku ya makazi yaliyo nyuma yake.

Kwa hiyo mimi ningekuwa kwenye kikao chenu ningedai ukanda wa mbele uwe wa fremu chini na vyumba vya kupangisha juu, vikimilikiwa na manispaa. Ndani viwe viwanja vya mita 144 vyenye msingi na choo, vikilipwa kwa miaka 10. Na sehemu moja iwe vyumba vya kupangisha vya chumba kimoja kimoja, kwa sababu kijana wa bodaboda asiye na familia hahitaji kiwanja. Ardhi ibaki ya pamoja. Voi, nchini Kenya, wakazi wa mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: ardhi ilimilikiwa na jumuiya, mtu akauza jengo lake tu, si kiwanja. Inapunguza faida ya muuzaji, na wengine watalalamika. Lakini bila kizuizi cha aina hiyo mtakuwa mmejenga Sinza nyingine. Hapa Dar es Salaam pia mna mfano wa kutembelea: Chamazi, ambako vikundi vya akiba, wakiwemo waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, walinunua ekari 30 na kujenga. Waulizeni hasa kuhusu marejesho yaliyochelewa na jinsi walivyoyashughulikia; hapo ndipo vikundi huvunjika.

Jambo la kufanya wiki hii ni orodha. Pita nyumba kwa nyumba, andika kila mpangaji, chumba, kodi, miaka aliyokaa na kazi yake. Isainiwe na mjumbe wa shina na serikali ya mtaa, nakala ibandikwe hadharani kwa siku 14 ili wenye malalamiko waseme. Orodha ikitengenezwa baada ya mradi kutangazwa, majina ya wageni huongezeka usiku.

Kuna mambo ambayo jibu la kusoma halitoshi. Kama barabara ya kuingia eneo hilo itakata nyumba za watu, tafuteni mthamini aliyesajiliwa na wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla mtu yeyote hajasaini fomu. Fidia kisheria ina vipengele zaidi ya thamani ya jengo: posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya mwezi mara 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Kwa kawaida fidia ya jengo humwendea mwenye nyumba na mpangaji hubaki mikono mitupu, hivyo haki ya wapangaji kupewa nafasi ya kwanza katika mradi iandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kwenye azimio la madiwani. Ahadi ya mdomo haina nguvu. Mtu akiwaletea "fomu za kujiandikisha" za kulipia, msilipe. Nendeni ofisi ya mkurugenzi muulize kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa. Mgogoro wa mpaka au wa umiliki ukizuka, anzeni Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kabla ya yote, ombeni upekuzi rasmi wa ekari hizo ofisi ya ardhi, ili mjue kama hati ni ya manispaa kweli, na kama haijawekwa rehani.